Bomba la Kamwokya Linalosoma Meseji

Jumanne saa nne asubuhi, Acan alipanga foleni ya maji mtaani Kamwokya, Kampala, akiwa na jerikani mbili za manjano. Mbele yake walikuwepo watu tisa. Pamoja na maji, bomba lilikuwa likitoa meseji ya Goretti wa saluni, kwa sauti ya Goretti mwenyewe, akimwambia mchumba wake kwamba ana malaria na hawezi kutoka. Goretti alikuwa wa nne kwenye foleni, nywele mpya, kucha mpya. Akatazama mawingu. Watu wakasogeza jerikani.

Ilikuwa hivyo tangu Pasaka, tangu ofisi moja isiyo na kibao ianze kuchukua nakala za meseji za mtaa mzima. Wanaume wawili wenye mashati yaliyopigwa pasi walishinda pale na jerikani kavu, wakiandika daftarini. Hakuna aliyewahi kuwaona wakichota.

Acan ni binti wa polisi. Amekulia kambini, kwenye nyumba za mabati ambako jirani akipiga chafya wewe ndiye unayejifuta. Labda ndiyo sababu alisomea kuficha maneno kwa hesabu, na siku hizi anazunguka na kipaza sauti akieleza kwamba kuwa na siri si uhalifu. Watu humpigia makofi, kisha hutumiana namba za siri za benki kwa meseji.

Siku hiyo Monique, muuza sambusa kutoka Kongo, alimvuta pembeni. Kaka yake, Aristide, alikuwa amejificha Old Kampala baada ya kutoroka kundi la wenye bunduki huko kwao, na daftari la wale wawili lilisomwa mpaka ng'ambo ya mpaka. Ijumaa gari lingemchukua kwenda mbali, ila dereva angemtajia Monique mahali pa kukutana nusu saa tu kabla. Kwa miguu asingewahi kumfikishia. Kwa simu, bomba lingesema.

"Likisema tu, dada, wanamuua."

"Basi litasema namba," Acan akajibu, akiwa ameshaanza kukunja mikono ya blauzi.

Mpango wake haukuwa mgumu. Kila herufi ina namba. Namba hiyo inajumlishwa na nyingine ya bahati tu, inayopatikana kwa kurusha dadu mara kadhaa. Karatasi zenye namba za bahati huwa mbili zinazofanana, moja ya mtumaji na moja ya mpokeaji. Hupelekwa kwa mkono, zikitumika zinachomwa. Kilichokosekana ni dadu, na Kamwokya mwenye dadu ni Kidega, bingwa wa ludo miaka mitatu mfululizo.

Jumatano mchana wakatundika shuka. Nyuma yake Kidega akarusha, Acan akaandika. Mashabiki walikaa nje, hawakuona namba hata moja, lakini kila dadu ilipogonga sahani walishangilia bao. Karatasi ilipojaa, Acan akaisoma mara mbili. Sita, sita, nne, sita, sita.

Wakajaribu na meseji moja: sambusa zimekwisha. Bomba lilitoa namba, likakohoa, likajisahihisha: sambusa zimekwisha. Wale wawili wakaandika.

"Kidega," Acan akasema, "sita zikirudi hivi, hata bomba linakisia. Hii dadu umeitoa wapi?"

"Katwe, kwa mafundi vyuma." Kidega alikuwa akikagua vidole vyake vya miguu. "Wameweka kipande cha risasi upande mmoja, ipende sita. Kidogo tu, dada."

"Miaka mitatu, ssebo," akasema Olal, mshindi wa pili wa kudumu. "Miaka mitatu nakununulia chapati."

Olal akatoa dadu yake ili mambo yaende. Nayo ilikuwa ya Katwe. Zote zilikuwa za Katwe.

Acan akapanda boda mpaka Old Kampala, akanunua dadu iliyokuwa bado ndani ya plastiki, na Alhamisi wakarusha upya, mashabiki wakiwa wameongezeka maradufu. Karatasi ya Aristide aliipeleka mwenyewe, ndani ya soksi.

Ijumaa saa saba bomba likaanza, kwa sauti ya Monique: thelathini na moja, tisa, arobaini. Foleni ikatulia. Jerikani zikafurika. Halafu mtu mmoja akashangilia, wakashangilia wote, kila namba, bila kuelewa hata moja. Wale wawili waliandika mpaka kalamu moja ikakauka.

Baada ya nusu saa ikaja sauti ya mwanamume, namba nne tu. Monique akazipigia hesabu kwenye karatasi ya kufungia sambusa, akakaa chini palepale kwenye tope, akacheka. Nimo, ilisema meseji: yumo garini.

Jumatatu Acan alipeleka barua ya malalamiko ofisini. Ilipokelewa, ikagongwa muhuri. Jumatano mafundi wakaja, wakawajengea wale wawili kibanda cha kuzuia jua, chenye benchi.

Mmoja wa wale wawili, Odyek, alimfuata Acan kwenye foleni na kumnong'oneza. Jumamosi bomba lilikuwa limesoma meseji zake zote kwa Moreen, na mke wake alikuwa amekuja kuchota. Aliomba karatasi mbili.

Acan akasogeza jerikani zake mbele. Kisha akafungua mkoba.

"Kuwa na siri ni haki ya kila mtu," akasema. "Hata wewe, afande."

Odyek akapokea kwa mikono miwili, akashukuru sana. Akarudi kwenye benchi, akachukua kalamu, akamgeukia mwenzake.

"Nimepitwa na nini?"