Ziada, Aliyesikia Akiitwa

Siku ile Nakijwa Msuya alirudi nyumbani saa tisa alasiri, jua la Same likiwa bado linachoma mabati, akavua viatu mlangoni na kujilaza kwenye kochi akiwa na nguo zake za kazini, bila hata kunywa maji. Alikuwa mtu wa maabara katika hospitali moja ya huko, mwaka wa kumi na mmoja sasa. Kazi yake ilikuwa kupokea vipande vya nyama vilivyotolewa miilini mwa wagonjwa, kuvigandisha kwenye nta, kuvikata vyembamba kuliko utando wa kitunguu, kuvitia rangi ya waridi na zambarau, kisha kuviweka kwenye vioo ili daktari avisome. Kusoma haikuwa kazi yake. Lakini mpishi hahitaji kuonja mboga iliyoungua ndipo ajue kuwa imeungua, na asubuhi ile, alipoweka kioo kimoja chini ya hadubini ili atazame tu kama rangi imekolea, alikuwa ameshauona ubaya wake kabla hajaweza kujizuia. Kipande kile kilitoka kwenye titi la dada yake.

Dada huyo aliitwa Namsifu, mwalimu wa darasa la pili, aliyemzidi Nakijwa miaka saba na kumlea tangu mama yao alipofariki. Saa sita mchana alikuwa amepiga simu.

"Mdogo wangu, majibu vipi?"

"Bado, dada. Daktari atakupa kesho."

"Na wewe hujakiona kioo?"

"Sijakiona."

"Haya," Namsifu alisema, akakata simu. Lile neno lake, sijakiona, likamkwama Nakijwa mchana kutwa kama mwiba wa samaki, halimezeki wala halitoki. Pale kochini alijaribu kupanga maneno ya kesho, na kila alilolipanga lilibomoka kabla hajaweka la pili juu yake. Katikati ya kupanga na kubomoka, usingizi ukamchukua.

Akajiona amesimama katika mji ambao haukuwa na barabara wala vumbi. Nyumba zake zilikuwa laini na angavu, zimepangwa duara duara, na kila duara lilizunguka mfereji mwembamba ambamo palinukia maziwa. Kila nyumba ilikuwa na mkazi mmoja, ila nyumba na mkazi vilikuwa kitu kimoja, kama konokono na gamba lake. Ndani ya kila mmoja zilipita kamba zilizovutwa sawasawa, ndizo zilizompa umbo, zikamfanya asimame wima badala ya kumwagika kama uji. Wote walikanyaga mkeka mmoja uliosukwa kwa ufundi, wote nyuso zao zilielekea mfereji, na kila mmoja alikuwa ameshika mkono wa jirani wa kulia na wa jirani wa kushoto. Hakuna aliyekuwa mkubwa kuliko mwenzake. Nakijwa alitazama utulivu ule akaona haya, kama mtu aliyeingia nyumba ya watu wanaosali.

Mwanamke mmoja mrefu, amejifunga khanga kifuani na kushika uzi wenye mafundo, akamjia pole pole. "Karibu, Nakijwa," alisema. "Mimi naitwa Kiasi. Nitakutembeza, lakini nikuambie mapema usije ukanilaumu: hapa utaona tu. Hutashika kitu."

Wakatembea. Kiasi akamwonyesha jinsi ukuta wa kila nyumba ulivyojaa masikio madogo, kila sikio na umbo lake, na jinsi habari zilivyokuja zikielea kutoka mbali, nyingine kutoka kwa jirani wa karibu. Nakijwa aliona wito mmoja ukitua kwenye sikio moja, sikio likaufumbata, na ndani habari ikapokezwa mkono kwa mkono mpaka chumba cha katikati, kilipowekwa kitabu cha nyumba. Wito wenyewe ulikuwa neno moja tu: Ongezeka. Kisha sikio likafumbuka, likauachia wito uende zake, likangoja mwingine. Mkazi yule akaanza kunakili kitabu chake, herufi kwa herufi, na kabla hajagawanyika akatokea mzee mkavu mwenye kope nzito, akafungua nakala na kuisoma yote huku amemnyanyulia mkazi kiganja kwamba asubiri.

"Huyo ni Tahadhari," Kiasi alisema. "Kila nyumba ina wake. Kukua si jambo gumu, mwanangu. Hata moto hukua. Jambo gumu ni kusikia neno 'basi', na kulifuata ukiwa ungali na nguvu za kuendelea. Mji huu wote umesimama juu ya neno hilo moja."

Mbele kidogo palikuwa na nyumba ambayo kitabu chake kilichanika. Tahadhari wa pale alikaa na sindano akishona kurasa, akashona tena, akafumua, akashona, mwishowe akaiweka sindano chini na kumtazama mkazi usoni. Mkazi yule, mwanamke wa kawaida asiye na chochote cha kukumbukwa, akaitikia kwa kichwa. Akalegeza kamba zake moja baada ya nyingine, akajikunja kama mtu anavyokunja nguo zake kabla ya safari, akapungua, akawa vifurushi vidogo. Majirani wakavipokea vifurushi vile, wakasogeleana, wakashikana mikono juu ya pengo.

"Amelazimishwa?" Nakijwa aliuliza.

"Ameambiwa," Kiasi alijibu. "Naye akasikia. Wako wengi mno wanaofanya hivyo kila siku ndani ya kila mtu, na hakuna anayewalilia."

Walipofika duara la mbele, Nakijwa alisikia mtu akiimba. Mkazi mmoja, jina lake Ziada, alikuwa amenenepa kuwashinda jirani zake, uso wake mzuri unang'aa kwa furaha, anatikisa mabega. Sikio moja la ukuta wake lilikuwa limefumba kwa nguvu kama ngumi. Nakijwa akainama kuchungulia ndani yake, akaona halikushika kitu.

"Naitwa," Ziada alisema. "Husikii? Ongezeka, ongezeka. Naitwa tangu asubuhi."

"Hakuna wito humo, mama. Sikio lako limekwama."

"Basi wewe husikii," Ziada alisema kwa huruma, kana kwamba Nakijwa ndiye mgonjwa. "Mimi nasikia vizuri."

Akanakili kitabu chake upesi upesi, herufi zikirukwa. Tahadhari wa nyumba ile akajitokeza, naye alikuwa na kope zile zile nzito na kiganja kile kile, ila kiganja kilining'inia, na macho yake yalikuwa wazi bila kutazama. Akapitisha kidole juu ya kurasa.

"Mzee, soma," Nakijwa alisema. "Nakuomba. Pameharibika hapo, na hapo."

"Nimesoma," mzee alisema. "Pita."

Ziada akawa wawili. Wale wawili wakawa wanne, na kila mmoja alizaliwa na lile sikio lililofumba, na kila mmoja na mzee wa kusema pita. Wakawa kundi. Kamba za ndani zikawalegea, wengine wakavimba upande, wengine wakarefuka kama viazi vilivyosahauliwa ghalani, wala hawakujua tena uso uelekee wapi. Wakausonga mfereji mpaka maziwa yakakosa njia. Jirani mmoja, mkazi mtaratibu wa pembeni, aliona vidole vya Ziada vikimtoka mkononi. "Ziada," alisema, "mkono."

"Mkono wa nini? Nina safari."

Wale waliobanwa katikati ya kundi walianza kufa njaa, wakapiga kelele, na kelele yao ikasafiri mpaka mto mwekundu uliopita ng'ambo ya mkeka. Mto ukasikia. Ukachipusha vijito, vikaja vikipinda pinda kuwanywesha. "Kwa nini unawapa?" Nakijwa alimuuliza Kiasi. "Huu mto hauoni ni nani wanaouita?"

"Mto hauulizi jina la mwenye kiu," Kiasi alisema. "Wema wake ndio huo. Leo wema huo ndio unaotumiwa vibaya."

Ndipo mkeka ukaanza kuchanika. Nakijwa alisahau alichoambiwa. Akapiga magoti, akashika pande mbili za ule mchano ili azivute pamoja, vidole vyake vikapita katikati ya nyuzi kama moshi. Akajaribu tena. Akajaribu kulifumbua lile sikio kwa kucha. Akamsimamia mzee wa Ziada na kumpigia kelele usoni, mzee akasema pita. Mwishowe akamgeukia kiongozi wake na kumshika khanga, na khanga nayo haikushikika.

"Wewe ndiye Kiasi. Mkataze."

"Mimi ni kipimo, si askari," Kiasi alisema. "Nilikuwa ndani ya kila mmoja wao, na ndani ndiko nilikoweza kusema nikasikika. Kwa Ziada nimetolewa. Nimesimama nje ya mlango wake kama ulivyosimama wewe."

"Basi nani alimlaani? Dada yangu alikosa nini?"

"Hakuna laana. Siku moja mkono ulichoka wakati wa kunakili, herufi ikakaa si mahali pake. Siku nyingine, herufi nyingine. Na Tahadhari naye aliandikwa katika kitabu hicho hicho."

Ziada alikuwa ameshapita kwenye mkeka. Alisimama ukingoni mwa mto mwekundu, amekonda sasa na kurefuka, hana umbo la mji wao tena. Nakijwa alimfuata kwa kuwa hakujua la kufanya zaidi.

"Ziada, unajua uko ndani ya nani?"

"Ndani ya nani vipi?"

"Uko mwilini mwa mtu. Anafundisha watoto kusoma. Ukimmaliza, nawe utakwisha."

Ziada alimtazama bila uovu wowote, kama mtoto anayetajiwa mji asioujua. "Mwili ni nini?" aliuliza. Kisha akainamisha kichwa, akasikiliza, akatabasamu. "Naitwa," alisema, na akanyoosha mguu kuelekea majini. Nakijwa alikaza macho aone kama unyayo umegusa maji au bado, kwa maana alijua kuwa kila kitu kilikuwa hapo, katika upana wa unyayo ule.

Hakuona. Aliamshwa na kishindo cha ndoo kibarazani kwa jirani, shavu limelowa juu ya kochi, koti la maabara limemzonga shingoni. Ilikuwa yapata saa kumi na moja. Alikaa, miguu sakafuni, na jambo la kwanza lililomjia halikuwa Ziada wala mto. Lilikuwa uso wa yule mzee. Alimkasirikia sana kule ndotoni, mzee yule aliyefungua kitabu, akapitisha kidole, akasema pita. Na yeye? Aliulizwa na dada yake, mchana kweupe, jambo aliloliona kwa macho yake, akasema sijakiona. Hakuwa na uwezo wa kushona mkeka. Wala hakuwahi kuwa nao, si leo kazini, si kule. Alichokuwa nacho ni habari, na habari aliyoaminiwa aliiacha ife mkononi mwake.

Akavua koti, akavaa viatu, akatoka.

Namsifu alikuwa sebuleni kwake anapiga pasi ya mkaa, gauni la kitenge atakalovaa kliniki kesho limetandazwa mezani juu ya shuka. Alimwona mdogo wake mlangoni, hakusema karibu.

"Dada, mchana nilikudanganya," Nakijwa alisema akiwa bado amesimama. "Kioo nilikiona."

Namsifu aliisimamisha pasi pembeni. "Kibaya?"

"Kusoma si kazi yangu, na naweza kukosea. Daktari ndiye atakayesema kesho, na ndiye atakayejua ugonjwa umefika wapi. Lakini nimekiona, na sikupenda nilivyokiona."

Nje, watoto walikuwa wakigombania zamu ya kupanda baiskeli. Namsifu alilainisha mkunjo wa gauni kwa kiganja ingawa mkunjo haukuwapo.

"Nilijua," alisema. "Ulijibu upesi mno. Wewe tangu mdogo, ukisema kweli huwa unafikiri kwanza." Akaigeuza kola ya gauni. "Nilifanya nini, Nakijwa? Wanangu wote niliwanyonyesha. Sijamwonea mtu."

"Hukufanya kitu. Hakuna aliyefanya kitu."

"Ingekuwa afadhali awepo aliyefanya."

"Ndiyo, dada."

"Dawa zipo?"

"Zipo." Nakijwa alitaka kuongeza neno la kutia moyo, akalitafuta, akakuta yote aliyonayo yangekuwa uongo ule ule wa mchana. "Sijui kama zitatosha," alisema.

Namsifu aliitikia kwa kichwa, polepole, mara nyingi, kama mtu anayehesabu. Kisha akauliza, "Kesho kwa daktari, wewe utakaa upande gani wa meza?"

"Kwa kawaida sisi wa maabara hatuingii."

"Sikuulizia kawaida."

"Upande wako," Nakijwa alisema. "Nitakaa upande wako."

"Basi shika hii. Umebaki mkono mmoja wa gauni." Akamsukumia pasi. "Mimi nikae kidogo."

Akakaa kwenye kiti cha karibu, mikono mapajani, akatazama mlango. Nakijwa akaupiga pasi mkono uliobaki, akiuzungusha taratibu kutoka begani mpaka kwenye pindo, kwa sababu jioni ile hapakuwa na kitu kingine ambacho mtu angeweza kukinyoosha.