Sanduku Nambari Dix-sept

…na ufa niliuziba mimi, kwa mikono hii ninayopokelea Ekaristi, kwa kole nyeupe, gundi ya mafundi seremala, sikutumwa na mutu wala shetani, nilijituma, na sasa jiwe lenyewe linapita benchi kwa benchi katika sale ya parokia hapa Keshero kama kikapu cha sadaka, kila mmoja analipima uzito, analinusa, anampa jirani, na ingénieur Wenceslas amesimama mbele na viatu vyake vya ncha, chupa ya maji mkononi, anasema, "Bamama, bapapa ya Kituku, muangalie muzuri, hii tunaita karoti, mashine iliitoa chini ya manyumba yenu, metre trois cent dix, mia tatu na kumi," na mama mmoja wa nyuma, muuza mboga wa Kibumba bila shaka, anapaza sauti, "Karoti gani haina majani, papa? Hata mbuzi yangu itakataa!" na sale nzima inacheka, naye anacheka nao, nayachukia meno yake, Bwana unihurumie, nachukia hata anavyosema bamama, yeye ambaye kwenye hangari ninakochunga masanduku ya mawe haya hajawahi kumwita mama anayefagia kwa jina lake… angalia, anarudia mchezo wake wa maji, mezani amebakiza jiwe la mchanga, anadondosha tone, tone linazama papo hapo, "Muliona? Hii inakunywa sawa mulevi wa kasiksi, iko na matundu madogo-madogo, mule njo gazi inalala, na ile inapita kwenu ni udongo mukavu, muliona niliimwangia maji juu, maji ikasimama, haikuingia, ile njo kifuniko. Sufuria na kifuniko yake! Gazi haiwezi kupanda. Tutatoboa visima kati-kati yenu na hakuna mutu atahama, hakuna hewa ya kuua sawa mazuku," na nyuma ya jiwe inakuja karatasi ya kukubali visima, kila mwenye parcelle, kiwanja chake, atie sahihi, kwanza ushike jiwe kisha usaini, nani alimfundisha ujanja huo, mutu akishashika kitu kigumu anaamini… kifuniko, ndiyo, wakati wa sikukuu ya Asumpta kilikuwa kizima basi, hapana, Cyprien, usidanganye hata kichwani, hakikuwa kizima, ulitoka misa ukapitia kasiksi, vikombe vitatu, sema vinne, ukaingia hangari kupandisha sanduku nambari dix-sept, la kumi na saba, kwenye etajeri na likakuteleza begani, mawe yakatawanyika sakafuni, nikapiga magoti kuyaokota nikiwa nalia kwa hofu, maana aliyekuwa mlinzi kabla yangu, Sebahire, alifukuzwa kwa kipande kimoja tu, na ingénieur alikuwa ameniambia siku ya kwanza, kidole puani mwangu, "Karoti ikifika kwako nzima, itoke nzima. Ikipasuka, wewe njo umepasua, sitaki habari ingine," basi nikaokota, vingine vilivunjika upya, uvunjiko mpya naujua, una meno makali na unang'aa na vipande vinaingiana kama meno ya mbwa, lakini kile kimoja, kile kirefu cha udongo mweusi, kiliachana mshazari toka juu mpaka chini, na ndani palikuwa laini kama sabuni iliyotumika, na ngozi nyeusi yenye mafuta, nikanusa, harufu ya taa ya petroli iliyozimwa sasa hivi, nikajua, haki ya Mungu sikuenda zaidi ya primaire lakini nikajua, pale harufu imepita, hewa imepita, ule haukuwa ufa wa bega langu, ulikuwa wa zamani, wa chini kule, kifuniko chenyewe kilikuwa kinavuja, Mungu mwenyewe ndiye aliyeupasua na mimi nikachukua brosi na Omo nikausugua mpaka maji yakatoka meusi mara tatu, nikapaka kole, nikakaza kwa mpira wa tairi siku mbili, nikachora upya mistari yetu, mwekundu kuume, mweusi kushoto, ili ijulikane juu ni wapi na chini ni wapi, na niliichora imenyooka kuliko ya kwanza, huo ndio uhodari wangu duniani… ingénieur akarudi toka Kinshasa, akalinyanyua jiwe, akalilamba, ndivyo wanavyopima, udongo mzuri unashika ulimi, mimi pia nimeyalamba yote kwa siri kama mwizi wa sukari, akaandika, akasema, "Cyprien, umechunga muzuri, ata wewe wa primaire," na mimi nikachekelea, nilimchukia kwa sababu hakuona, na kama angeona ningemchukia zaidi, mutu wa namna gani mimi, hata kwa padri nilisema tu nimevunja kitu cha kazi, akanipa Salamu Maria kumi za rozari, nikazisali zote bila kukosa, rozari ya uongo… "Papa!" ni Julie, binti yangu, mabenchi mawili mbele, mjukuu wangu Élodie mgongoni mwake amelala mdomo wazi, jiwe limefika mikononi mwake, amegeuka, anacheka, "Papa, hii njo kazi yako? Iko nzito sawa mutoto!" geuka mbele, mama, usinicheke hivyo, ana macho ya marehemu mama yake, Annonciata, ambaye tulimkuta bondeni kule nyuma ya nyumba, amelala ubavu, mkono bado umeshika majani ya sungura, kama mutu aliyepitiwa na usingizi, na kuku wawili pembeni yake, mazuku haina sauti wala harufu, ingénieur aliwahi kunieleza kwa dharau kwamba ile ni gazi nyingine, hii ya chini ni gazi nyingine, voilà, unachanganya, labda nachanganya, kwangu hewa inayomlaza mutu hai ni moja… na sasa Julie anamwambia Mama Mwavita aliyekaa naye, kwa sauti, anajivuna, "Papa yangu njo anachunga haya majiwe yote. Kama iko mubaya, angetuambia," na Mama Mwavita, "Basi mie nasaini, kama ni muzee Cyprien," na anasaini, ee Bwana, anasaini juu ya jina langu, nyumba yake inagusana na ya Julie kwa ukuta wa mbao… nitasema kesho, nitamfuata ofisini, hapana, umesema kesho tangu Asumpta, utafukuzwa, utaitwa mulevi, atasema nilivunja mimi, njo umepasua, na kweli nitakuwa sina cha kuonyesha, harufu niliisugua kwa Omo, nani atamwamini mlinzi wa masanduku mbele ya diplome… "Muzee, pokea mutoto yako," ni Kakule, mvuvi, mikono yake inanuka sambaza, karibu anitupie jiwe, "unaogopa nini, inauma?" kaa kimya Kakule, nakuchukia wewe pia na utani wako, liko mikononi, limepata joto la watu wote hawa, kama kitu hai, na kidole gumba kimekwenda chenyewe, bila kuambiwa, pale, mstari mwembamba kama unywele, unateleza kuliko jiwe, macho hayauoni lakini kidole kinaujua, na maji yake ingénieur alidondoshea juu kichwani, tone moja, mawili, ubavuni hakugusa… kole nyeupe haiogopi tone, mafundi seremala wanajua, meza ikinyeshewa kidogo inakauka, lakini izamishe meza ile ndani ya maji, iache, nusu saa, saa, kole inakuwa maziwa, mguu unaachia… Mungu wangu, harufu niliisugua lakini kole sikuisugua, dhambi yangu yenyewe iko humu ndani, nzima, inangoja tu kuloweshwa, itajifungua mbele yao wote, na ulaini ule kama sabuni, hakuna bega la mlevi linaloweza kulainisha jiwe hivyo, hata ingénieur, nikimchukia mpaka kesho, macho anayo, ataona… karatasi imemfikia Julie, anatafuta bic kwenye kitenge, anamkuta Mama Mwavita anayo, anainamia, Élodie anajigeuza usingizini, na kumbe nimesimama, sijui nimesimama saa ngapi, "Cyprien, kaa chini, maswali ni ku mwisho," anasema ingénieur, bado na chupa yake, bado na meno yake, na sioni tena chuki ndani yangu, nimeitafuta, nimekuta aibu tu, nayo haikai chini, jiwe nimelikumbatia kifuani kwa mikono miwili,

"Julie, mama, acha hiyo bic. Niletee ndoo ya maji."