Ngazi za Nyuma

Daktari alipomwambia karani wa masjala kwamba sukari imepanda na mwili unataka kutembea, karani alijibu kwamba muda hana. Daktari akasema asitafute muda, atafute ngazi. Basi Jumatatu alishuka basi kituo kimoja kabla ya ofisi, akawapita wenzake waliosubiri lifti, akasukuma mlango wa ngazi za nyuma.

Ghorofa ya tatu alimkuta mama mfagizi, yule waliyemzika kabla ya mvua kuanza. Amekaa kwenye ngazi, ndoo ya maji pembeni, anahema.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pita huku ukutani, hapo panateleza."

Karani akapita ukutani, akawahi kazini.

Msibani alikuwa amekwenda, na akalia. Waliambiwa moyo wa mama ulisimama ghafla. Hakuna aliyesema ulisimamia wapi.

Jumanne akakaa naye kidogo. "Kumbe ilikuwa hapa?"

"Hapa hapa. Nilisema nikae, nivute pumzi. Ndiyo hii, bado naivuta."

"Si ungepanda lifti, mama?"

"Na ndoo? Niliomba, mwanangu, si mara moja. Nikaambiwa ndoo inachuruza, na wageni wana viatu vya maana."

Karani aliinua ndoo akaipeleka mwenyewe hadi juu. Marehemu alimfuata polepole, mkono kwenye chuma cha ngazi, akisimama kila kona. Ikawa ndiyo desturi yao. Waliokutana nao njiani, hasa siku lifti ilipoharibika, waliamkia na kupisha.

Mwisho karani akaenda kwa meneja kumwombea mama lifti. Meneja alikuwa mtu msikivu. Alimsikiliza bila kumkatiza, hata simu hakuipokea.

"Kwani bado anachoka?" aliuliza.

"Anachoka, bosi. Kifua kinamlia kama filimbi."

"Maskini. Alikuwa mchapakazi. Lakini nikimruhusu yeye, kesho walio hai nao watataka."

Karani alirudi ngazini na jibu hilo mdomoni, likamshinda kulitema. Mama alimtazama usoni akamwambia, "Acha tu, mwanangu. Nilijua. Shika ndoo twende."

Sukari ikashuka. Daktari alifurahi kama aliyepanda ngazi yeye, akamwambia aendelee vivyo hivyo. Karani alimshukuru, kisha akatembea hadi nyumbani akilia. Aliokutana nao wakadhani ni jasho.

Habari za afya yake zilimfikia meneja, naye akapendezwa. Wiki iliyofuata mafundi walipigilia bango kubwa ghorofa ya tatu, lenye picha ya kijana anayecheka huku akiruka ngazi mbilimbili.

Asubuhi hiyo mama alikuwa amesimama mbele ya bango, amekunja uso.

"Nisomee, mwanangu. Mlinizika bila miwani."

Karani aliweka ndoo chini. Aliyasoma maneno kwanza kimyakimya, akatamani yawe mengine, kisha akayatoa kwa sauti:

"'Panda ngazi, uishi miaka mingi.'"

"Aa," mama alisema. Akachovya kitambaa, akakikamua vizuri, akafuta alama za vidole vya mafundi kwenye pembe za bango. Alipomaliza alikaa chini kuvuta pumzi, na karani akakaa kando yake kumngoja.