Abiria wa Jumamosi

Kazi yangu katika kikundi ilikuwa kukaa. Sisemi hivyo kwa kujidharau, nasema ili tuelewane mapema. Wengine walikuja na spana, wengine na bisibisi, mimi nilikuja na mwili wangu, na mwili wenyewe si haba. Pale waliniita Abiria.

Kikundi chetu kilitengeneza viti vya magurudumu, kila Jumamosi, bure, katika darasa la chekechea nyuma ya soko. Kilianza hivi: kinyozi wa mtaani kwetu, ambaye miguu yake haimbebi tangu utotoni, alivunjikiwa kiti, akakipeleka kwa fundi baiskeli. Fundi baiskeli hakuwahi kugusa kitu kama kile, lakini gurudumu ni gurudumu, akakitengeneza. Wiki iliyofuata mtu mwingine akaleta chake. Fundi cherehani akaja kushona vitambaa vya kukalia, mchomeleaji akaja kuunga vyuma, kila mmoja akawa anamwonyesha mwenzake anachokijua, na kabla hatujaelewa tunafanya nini, tulishakuwa kikundi.

Sasa, darasa la chekechea lina vituko vyake. Ukutani kuna herufi kubwa kubwa na picha ya bata aliyevaa kofia. Sinki liko chini, ukitaka kunawa mikono unainama kama unampigia mtu magoti. Na viti vimetengenezwa kwa makalio ya watoto wadogo. Siku yangu ya kwanza nilikaa kwenye kimoja, nikainuka nacho. Fundi baiskeli alishika miguu ya kiti, wifi yangu akanishika kwapani, wakavutana mpaka kikatoka, na kinyozi alicheka hadi akaomba maji. Tangu hapo nilikuwa nakaa kwenye kiti chochote cha magurudumu kilichokwisha kutengenezwa, kwa sababu humo ndani hakukuwa na kingine cha kunitosha.

Basi ndivyo uabiria ulivyoanza. Kiti kikikamilika, walinikalisha, mmoja akanisukuma mbio kutoka darasani, tukapita kwenye korido, tukazunguka bembea za watoto hadi getini na kurudi. Njiani mimi ni kelele tu: hapa pananibana, huku panalia, polepole jamani, nina wajukuu wananitegemea. Nikirudi mzima, kiti kimefaulu. Spana nilijaribu mara moja, nikakaza nati mpaka bolti ikakatika, na fundi baiskeli akaniambia kwa heshima zote kwamba mkono wangu ni mzito, bora nipumzike. Nilipumzika kwa moyo mmoja. Nikawa nakaribisha wageni mlangoni, napiga soga na wanaosubiri, namsikiliza anayetaka kusikilizwa.

Niliipenda Jumamosi kupita kiasi. Nilikuwa nimestaafu kazi ya opereta wa simu katika ofisi moja kubwa, na mahali pangu wakaweka mashine inayojibu bila hata kumuuliza mtu kama hajambo. Watoto wangu wamehama, baba yao ni marehemu, nyumbani tulibaki mimi na redio, na redio ina tabia mbaya ya kuongea bila kusikiliza. Katika wiki nzima nilikuwa na siku moja tu yenye watu.

Halafu tukamchagua wifi yangu kuwa mwenyekiti.

Wifi ni mke wa mdogo wangu, na ni askari wa usalama barabarani. Anasimama katikati ya makutano ya njia kuu, anainua mkono, na malori yenye mizigo ya ajabu yanasimama kimya. Nampenda, lakini mtu anayetiiwa na malori hazoei kubishiwa. Alipoona viti vibovu vimerundikana mpaka vinamfikia bata wa ukutani, aliona foleni, na foleni kwake ni maradhi. Akaanza kutafuta ni nani anayeziba njia. Mchomeleaji alikuwa akija anapojisikia. Fundi cherehani alichukua vitambaa, akashonea nyumbani kwake, akavirudisha bila hata kukaa. Kulikuwa na watu waliosimama dirishani tu, wakatazama, wakaenda zao. Na kulikuwa na mimi.

Akapuliza kipenga, ndani ya darasa, tukaruka wote. Akatangaza kwamba kuanzia Jumamosi ijayo kila mwanachama atakuwa na spana yake na kiti chake cha kutengeneza, na asiyeshika spana si mwanachama.

"Na Abiria je?" kinyozi akauliza.

Wifi hakunitazama. "Abiria naye ashike spana, au apumzike nyumbani."

Watu wakacheka, nami nikacheka, tena nilicheka kuwazidi wote ili pasiwe na wa kunionea huruma. Nilipofika nyumbani nilivua viatu, nikakaa kitandani, nikalia kama mtoto aliyesahauliwa shuleni. Redio ikaendelea kunisomea bei za mazao. Nilipomaliza kulia nikapenga kamasi, nikajikaza: kama ni spana, basi nitashika spana.

Jumamosi ikafika na mimi nikafika, nimevaa ovaroli ya mdogo wangu. Zipu ilipanda hadi kitovuni ikagoma, nikamalizia kwa pini. Kinyozi aliponiona aliniambia nimependeza, kisha akageukia ukuta, mabega yakawa yanatikisika. Alikuwa ameshashushwa kwenye benchi la korido pamoja na wenzake wawili waliokuja kuchukua viti vyao siku hiyohiyo, mzee mmoja fundi saa na mama mmoja muuza vitambaa. Cha kinyozi, kilichokuwa kimeharibika tena, wifi aliamua kukitengeneza mwenyewe.

Jamani, ile kazi. Wifi alipuliza kipenga na watu wote wakafungua kila kitu kwa wakati mmoja. Fundi cherehani, mtu wa sindano, alikuwa ameshika spana kubwa kama ameshikishwa nyoka. Mchomeleaji alikuwa hana cha kuchomelea, akafungua hata visivyofunguka. Sakafu nzima ikawa nati, spoki na beringi, na magurudumu madogo ya mbele tukayakuta baadaye kwenye kapu la midoli, katikati ya jogoo na tembo. Mimi nilipewa kiti kimoja nikikaze bereki. Nilikaza kwa woga, nikilegeza, nikikaza tena, jasho likinitoka mpaka kwenye pini. Mlangoni hapakuwa na wa kukaribisha mtu. Dirishani, wale watazamaji waliona jinsi tulivyokunja nyuso, wakala kona.

Lakini tulimaliza. Fundi baiskeli, kwa mazoea yake ya baiskeli, alituonyesha jinsi ya kujaribu: unakiinua kiti juu, unazungusha gurudumu kwa kidole. Tukainua, tukazungusha. Magurudumu yalizunguka vizuri ajabu, bila hata mlio. Tukapigiana makofi. Wifi akaamuru viti vitolewe uwanjani na wenyewe wakalishwe.

Kinyozi alikaa, akampigia wifi saluti, akasukuma. Kiti kikaenda kushoto. Akasukuma tena, kikaenda kushoto zaidi, na kufumba na kufumbua alikuwa anamzunguka wifi kama gari linalozunguka mnara. Mzee fundi saa, aliyeondoka nyuma yake, naye alienda kulia. Alikuwa mtu wa adabu sana, kila alipotupita alitusalimia upya. Muuza vitambaa hakwenda popote. Alisukuma kwa nguvu zake zote, akabaki palepale, akaniuliza kama ameshafika.

Wifi alifanya anachokijua. Alisimama katikati ya uwanja, kipenga mdomoni, akainua mkono mmoja kumzuia kinyozi na mwingine kumruhusu fundi saa.

"Afande, mimi naenda moja kwa moja," kinyozi alimwambia akipita. "Kiti ndicho kina mawazo yake."

Nikaona midomo ya wifi inatetemeka. Alijizuia, akavuta pumzi, na kicheko kikamtoka kupitia kwenye kipenga. Kipenga chenyewe ndicho kilichocheka, kwa vipande vipande, na mzee fundi saa, aliyezoea kutii kipenga barabarani, akajaribu kusimamisha kiti. Hapo tulikwisha. Fundi cherehani alikaa chini na spana yake, mchomeleaji alijifunika uso kwa kofia, na mimi pini ikafyatuka. Wifi alicheka mpaka akashika magoti, mpaka machozi yakamtiririka. Kisha akanitafuta kwa macho.

"Wifi," akaniambia, "hebu njoo ukae."

Kinyozi akashushwa, nikakaa mimi. Fundi baiskeli akalala kifudifudi kwenye mchanga, akachungulia chini ya kiti cha kinyozi, akaguna. Kiti kikiwa kitupu, bereki iko mbali na tairi. Akikaa mtu, tairi linabonyea kidogo, linatanuka, linagusa bereki. Cha kinyozi kiligusa upande mmoja, cha fundi saa upande wa pili, cha muuza vitambaa pande zote mbili, na hicho cha mwisho, samahani, ndicho nilichokikaza mimi. Siku zote kasoro kama hizo zilikuwa zinajulikana kwa sababu nilikuwa nimekaa. Mimi mwenyewe sikuwa najua lolote, nilikuwa na kilo zangu tu.

Basi nikasukumwa kwenye vyote, nikapiga kelele kwenye vyote, fundi akalegeza hapa na pale, na viti vikaenda mbele kama viti vyenye akili. Wifi alikuwa amekaa ukingoni mwa bembea, viatu vyake vya kazi vimejaa mchanga. Kinyozi akamsogelea, safari hii bila kumzunguka.

"Unakumbuka nilivyoanza kuja hapa? Kiti changu kilikuwa kimeshapona, lakini nilikuwa nakuja," akamwambia. "Nilikaa pale nje ya dirisha, nikawa naangalia tu, Jumamosi nyingi. Hakuna aliyenipa spana. Mngenipa siku ile ya kwanza, ningekimbia. Na unajua mimi sikimbii."

Wifi alicheka kidogo tu. Alimwangalia mchomeleaji, aliyekuwa anakusanya vitu vyake aondoke na pengine asionekane tena mpaka msimu mwingine. Akamwita, akamwambia aje siku atakayojisikia. Akamwambia fundi cherehani ashonee nyumbani, asiogope. Kisha akavua kamba ya kipenga shingoni, akakitia mfukoni. Mimi alinibana mkono tulipokuwa tunatoka, na nilijua tumeelewana.

Jumamosi iliyofuata niliwahi. Nilivaa gauni langu, nikakaa kwenye kiti kilichokuwa tayari, karibu na mlango. Watu wa dirishani walikuwa wamerudi, nikawasalimia mmoja mmoja, na mmoja wao akaingia mpaka ndani, akasimama chini ya bata. Hatukumpa chochote. Fundi baiskeli alikuwa anapaka beringi grisi, akasogea kidogo ili yule aone vizuri.

Wifi alichelewa, jambo ambalo halijawahi kutokea. Alikuja na sare yake, ametoka moja kwa moja kazini, na hakuingia. Alisimama kizingitini na mkoba mkononi, akiangalia viti, akiangalia nati zilizopangwa mezani. Nilimwona macho yalivyomwingia ndani. Wiki nzima amesimama juani akiwaambia watu nenda, simama, nenda, na jioni anarudi nyumbani kwa mdogo wangu, ambaye namfahamu, hata maji ya kunywa anaulizia yako wapi.

"Wifi," akaniambia kwa sauti ya chini, ili wengine wasisikie, "leo sitaki kushika kitu. Naweza kuangalia tu?"

Nikainuka. Nilimpokea mkoba, nikamkalisha pale nilipokuwa nimekaa mimi, kiti bado kina joto langu, nikamvua viatu vile vizito nikaviweka chini ya meza ya watoto. Akaegemea, akafumba macho. Nilimwacha hivyo kidogo. Kisha nikapita nyuma yake, nikashika mikono ya kusukumia, ambayo katika uabiria wangu wote sikuwahi kuishika, nikasukuma.

Tulipita kwenye korido, tukatokea uwanjani, tukaanza kuzunguka bembea, mimi nikihema, miguu yake ikining'inia bila viatu. Nilimuuliza kama nipunguze mwendo.

"Ongeza, wifi," akasema. "Ongeza."