Bingwa wa Masikio

Takia la Mzee Bang lilitolewa ukumbini asubuhi ya Jumanne, likiwa bado limebonyea katikati kana kwamba mwenyewe ameinuka tu kwenda kujisaidia. Lilikuwa la pamba, buluu yake imepauka hadi haieleweki. Kwa miaka mingi lilikaa sakafuni mstari wa mbele, kushoto kwa ngoma, mahali ambapo mwimbaji akishusha macho hukutana na uso wa mtu. Pyo Geum-rye alilitazama likipita mlangoni, limebanwa kwapani mwa Gyeong-tae, mtoto wa kaka yake. Alijiambia moyoni kwamba amefanya sawa, kisha akajiambia tena.

Geum-rye alikuwa mwimbaji wa masimulizi marefu, yale ambayo mtu mmoja husimama na upepeo mkononi, mwingine hukaa na ngoma, na kisa kizima cha wafalme na wajane kikatoka katika koo moja. Katika mji wao, chini ya mlima Jiri, sanaa hiyo ina mtu wa tatu ambaye halipwi, naye ni msikilizaji. Mwimbaji anapovuta pumzi, yeye hutupia neno. Pakichangamka hutupia "Olssigu!" Mstari ukikaa vizuri, "Jota!" Na pale pa uchungu hutoa mguno tu wa chini, kama mtu aliyebanwa kidole na mlango. Anayejua kuweka kila neno mahali pake huitwa bingwa wa masikio, na mji unaweza kuwa na waimbaji kumi usiwe na bingwa hata mmoja.

Mji wao ulikuwa na Mzee Bang Deok-man, mkulima wa vitunguu saumu, mkali kama mazao yake. Geum-rye angali msichana wa sauti nyembamba, ndiye aliyemwambia mbele ya watu, "Umeimba kama unatangaza basi stendi." Msichana alilia, akamchukia, akaenda kuimba kwenye maporomoko ya maji hadi koo likatoa damu. Aliporudi, Mzee Bang aliguna mara moja tu, katikati ya wimbo. Mguno ule Geum-rye aliishi nao kama wengine wanavyoishi na pete ya ndoa.

Sasa tangu majira ya baridi Mzee Bang alikuwa ananyamaza. Hakunyamaza wimbo mzima. Alinyamaza palepale ambapo Geum-rye alipajivunia kuliko pote, pale mama anapovuka mto ulioganda akiwa na mtoto mgongoni, na sauti hushuka chini hadi inakuwa kama pumzi. Mzee aliweka mikono magotini, akatazama mbele, kimya. Kila onyesho. Geum-rye alikuwa amepita miaka sitini, na koo lilikwisha kuanza kumdai. Hakuhitaji kuelezwa maana ya kimya kile.

"Amekuchoka, Shangazi," alisema Gyeong-tae. Alikuwa amerudi kutoka Seoul, alikofanya kazi kwenye kampuni ya vipodozi, akachukua uendeshaji wa ukumbi baada ya magoti ya baba yake kugoma. Hakuwa mtu mbaya. Alimletea shangazi yake chai ya tangawizi kabla ya kila onyesho, akaipuliza mwenyewe ipoe. "Tazama hapa," alisema, akamsogezea kompyuta yake, ambamo mistari miwili ya grafu ilipanda pamoja kama mapacha wanaokwenda shule. "Siku ambazo watu wanaita sana, ndizo siku wanazokaa hadi mwisho, wananunua pombe ya mchele, wanarudi na rafiki zao. Kwa hiyo miito ndiyo inaleta furaha. Basi sisi tulete miito."

"Tuilete kutoka wapi? Inauzwa sokoni?"

"Nimepata vijana sita wanaosomea maigizo. Wana sauti hizo! Na yule mzee anakaa pale mbele kama mtu wa kodi. Ananyamaza, watu wanamwona ananyamaza, na wao wanaogopa kuita. Shangazi, yule anatuharibia."

Hesabu ya mistari Geum-rye hakuielewa, wala hakujisumbua kuielewa. Alichokielewa ni kwamba hatalazimika tena kushusha macho pale mtoni na kukuta uso ule. Akakubali, na si kwa shingo upande. Alikubali haraka, kama mtu anayevua kiatu kilichombana.

Takia likatolewa, na ukumbi ukajaa. Vijana sita waliketi huku na huku wakijifanya hawajuani, wakaita kwa nguvu, na wageni wakaambukizwa. Gyeong-tae alitembea kama mtu aliyeota mabawa. Hata Eom, mpiga ngoma, ambaye humsifu mtu akishazikwa tu, alikiri kwamba mikeka haitoshi.

Kisha ikaja Jumamosi ile. Geum-rye alifika mtoni. Mama amekanyaga barafu, upepo unamkata uso, na katikati ya njia anahisi mtoto mgongoni amekuwa mzito, tena ametulia mno. Geum-rye akaishusha sauti, akaishusha tena, hadi pale inapokwaruza mfupa wa kifua. Akavuta pumzi.

"OLSSIGU!"

Sauti sita kwa pamoja, kwa furaha yote, kama watu wanaopiga vigelegele makaburini wakati jeneza linashuka. Watalii waliokuja kwa mabasi, wakidhani ndiyo desturi, wakaitikia, "Olssigu!" na makofi juu. Fimbo ya Eom ilikosa ngoma ikagonga hewa. Geum-rye alifungua kinywa, na maneno hayakuwepo. Mahali pao palikuwa na weupe mtupu. Koo lililozoea kazi likarukia mstari wa mbele zaidi katika kisa, na mara mama na mtoto wakawa tayari nyumbani kwa babu, wanaota moto, bila mtu yeyote kuvuka mto wowote.

Hakuna mgeni aliyegundua. Walisimama kumshangilia. Mlangoni, Gyeong-tae alimwinulia kidole gumba.

Walipobaki wao na Eom tu, wanakusanya mikeka, Gyeong-tae alikuwa bado anacheka. "Leo tumevunja rekodi, Shangazi! Umewasikia?"

"Nimemwacha mtoto kwenye barafu."

"Mtoto gani tena?"

"Wa wimbo, Gyeong-tae. Nimeruka mto wote. Ulisikia?"

Kijana alikunja mkeka, akaukunjua, akaukunja upya. "Lakini watu wamefurahi..."

"Wangefurahi hata ningewaimbia bei ya kabeji. Wewe hujawahi kumwona mtu aliyeshiba akacheua? Ndivyo ulivyofanya. Umeona watu wanacheua, ukadhani kucheua ndio chakula, ukaenda kuajiri wacheuaji."

"Shangazi! Na ukumbi unaojaa je? Huo nao nimeuota?"

"Wiki hii maua ya mlimani yamechanua, watalii wamejaa. Hata choo cha stendi kina foleni. Na chenyewe kina vijana wa maigizo?"

Eom, aliyekuwa anaifunika ngoma yake, alicheka hadi akakohoa. Gyeong-tae alitaka kukasirika ikamshinda, akaketi juu ya mkeka, masikio mekundu. Geum-rye alimsogelea, akamtoa uzi uliomganda begani. Alimpenda mtoto huyu. Na kosa halikuwa lake peke yake: yeye mwenyewe alikiona kimya, akakipa maana bila kumuuliza mwenye kimya.

"Kesho utanipeleka kwa Mzee Bang," alisema.

Walimkuta uani, ameketi katikati ya vitunguu saumu vilivyong'olewa, anavisuka mafungu marefu. Aliwaona, hakuinuka. Geum-rye alisimama mbele yake, mikono imekutana tumboni kama mwanafunzi.

"Mzee, nimekuja kuuliza. Umenichoka?"

"Nimechoka, ndiyo!" alijibu Mzee Bang kwa sauti ya kuita mbuzi. "Shamba lote hili na mgongo huu! Wanangu wako Busan wanauza simu!"

"Si hivyo. Nauliza, uimbaji wangu. Pale mtoni."

"Kotini? Koti gani? Mimi sijaacha koti huko."

Gyeong-tae aliangua kicheko, kisha kicheko kikamfia kooni, maana shangazi yake alikuwa amechuchumaa ghafla, mkono mdomoni. Geum-rye akasogea hadi karibu na sikio lenye nywele nyeupe. "Tangu lini, Mzee?"

Safari hii alisikia. Aliendelea kusuka kwa muda. "Tangu baridi. Ngoma naisikia kwa makalio, inapita sakafuni. Wewe ukipanda juu nakupata. Ukishuka pale kwenye barafu, unanipotea. Naona mdomo unacheza tu."

"Lakini wimbo unaujua wote! Ungeguna tu, nani angejua?"

Mzee Bang aliweka kitunguu chini, akamtazama kama aliyetukanwa mbele ya mkwe. "Nigune kwa kitu nisichokisikia? Hiyo si kelele? Hata mbwa wangu habwekei mtu ambaye hajafika."

Gyeong-tae alirudi nyuma akaegemea gari lao, akawa anasoma viatu vyake.

Geum-rye alivuta kigoda hadi magoti yake na ya mzee yakagusana. Hakuwa na upepeo, wala Eom, wala kitu cha kuegemea. Alipiga mapigo kwa kiganja juu ya goti la Mzee Bang, akainama sikioni kwake, akaanza. Aliuleta upepo, akauleta mto, akambebesha mama mtoto mgongoni, akamkanyagisha barafu.

"Hapana," alisema Mzee Bang.

Geum-rye akakatiza wimbo.

"Mguu wa kwanza. Umeuweka kama mtu anayejua kwamba barafu haitavunjika. Yeye anajua wapi? Mara ya mwisho kukusikia vizuri ulikuwa hujui. Sasa umekuwa mkubwa, unajua kila kitu. Rudia."

Makofi yote yale, na hakuna lililomwingia kama neno hilo. Geum-rye alicheka, akafuta macho kwa mkono unaonuka vitunguu, yakamwasha zaidi, akacheka tena. "Ndiyo, Mzee," alisema.

Akarudia. Safari hii alipofika ukingoni hakujua. Aliuinua mguu wa mama yule, akauacha hewani kwa muda kuliko pigo lilivyoruhusu, kiganja chake kikingoja juu ya goti la mzee. Akaushusha. Sauti ikashuka nao, hadi kule chini ambako ukumbini hakuna anayefika, na akavuta pumzi.

Nyuma yake, upande wa gari, mtu aliguna. Mguno wa chini, uliomtoka mwenyewe bila habari, kama aliyebanwa kidole. Mzee Bang hakuusikia. Alikuwa amefumba macho, sikio limeelekezwa mdomoni mwa Geum-rye.

Geum-rye hakugeuka kutazama. Mto ulikuwa bado mpana, na mtoto alikuwa mgongoni.