Kifungo cha Shingoni

Kwenye ukumbi wa kukata mabawa hakuna maongezi. Mashine zinanguruma, masikio yamezibwa, kuku wanapita wakining'inia kwenye kulabu, na kazi yako ni bawa, bawa, bawa, mpaka kengele ilie. Hata hivyo mimi nilikuwa na mtu wa kuzungumza naye. Alisimama kushotoni kwangu na tulizungumza kwa viwiko. Akinigusa mara moja, msimamizi anakuja. Mara mbili, hebu mwone yule alivyojipodoa, utadhani amekuja kuchinjiwa kuku. Nilimwita Somo. Yeye aliniita Twiga, kwa kuwa nilivyoinamia ile meza fupi utadhani natafuta sindano iliyonidondoka.

Nyumbani hakuna kiwiko. Mume wangu alishatangulia, binti yangu yuko mbali na kila simu yake ni "Mama, nitakupigia baadaye." Chumba kina viti viwili, na kimoja kinakaliwa na kikapu cha nguo. Silii, nasema kilivyo.

Ganzi ilianzia kidole gumba ikahamia kwa jirani zake. Ikafika mahali siwezi kufunga vifungo vya koti jeupe la kazini. Somo aliona, hakuuliza. Kila asubuhi kwenye chumba cha kubadilishia nguo alipanda juu ya benchi na ufupi wake ule, akanifunga vyote mpaka cha shingoni, kisha akanipiga kofi dogo begani. "Haya, bi harusi, twende." Duniani humu hakukuwa na mtu mwingine aliyenigusa.

Akaja muuguzi mpya, mwanamke wa maneno mengi na mabango. Meza ziwe za kupanda na kushuka, wafupi wapewe vijukwaa, visu vinolewe mapema maana kisu butu kinammaliza mkataji. Hayo sikuwa na neno nayo. Ila alisema pia mwenye ganzi ajitokeze kabla mkono haujaharibika moja kwa moja, ahamishiwe kwenye lebo, apumzike. Lebo ni ukumbi mwingine kabisa, na wa kuku wabichi hachangamani na wa kuku waliofungashwa: mlango wao, chumba chao cha nguo, hata chai yao. Nafasi ilikuwa moja. Nikaufyata mdomo.

Haikupita muda nikaitwa. "Mwenzako ametuambia kuhusu mkono wako," muuguzi akasema, akitabasamu kana kwamba ananipa zawadi.

Nilimkuta Somo mlangoni. "Umenichoma."

"Mkono unakufa huo, Twiga."

"Ni wako?"

Nikamnunia. Nikinuna nanuna kweli. Mama yangu alikuwa akinipitishia chakula dirishani.

Kule kwenye lebo unakaa kwenye kiti kizuri, unabandika taratibu, na kushotoni kwako kuna ukuta. Ganzi ilipungua, kisha ikaisha. Asubuhi moja nikajikuta nimefunga vifungo vyote bila kufikiri. Sikufurahi. Nikakifungua cha shingoni, nikapita mlango usio wangu, nikaenda kumngoja Somo kwenye benchi letu la zamani.

Akaingia, akanitazama. "Bado tu?"

"Bado," nikadanganya.

Akapanda benchi. Nilifumba macho kama mtoto anayenyolewa. Vidole vyake vikapapasa, kifungo kikateleza. Vikapapasa tena, kikateleza tena. Nilipofumbua macho nikaliona koti lake lilivyoshikizwa kwa pini, kuanzia juu mpaka chini.

"Tangu lini?"

"Yaache hayo."

"Somo. Tangu lini?"

"Kabla yako. Ila sasa imezidi."

Na nafasi ilikuwa moja. Nilimshika mkono nikamburuta hadi kwa muuguzi, huku akinitukana njia nzima. "Unanichoma!" akapiga kelele mlangoni.

"Ndiyo," nikasema, "nakuchoma."

Ombi nililitoa mimi mwenyewe: aanze yeye kupumzika mpaka apone, kisha tupokezane zamu, huyu kwenye kisu, huyu kwenye lebo. Muuguzi akakubali papo hapo. Somo alinitazama, kwa sababu alikuwa ameshaelewa. Mmoja akiwa huku, mwingine yuko kule, daima.

Mikono yetu imepona. Zamu yangu ya kisu ikifika nakuta kisu kimenolewa na meza imepandishwa kwa urefu wangu. Nikimaliza nanoa, naishusha meza, nasogeza kijukwaa chake pale anapopapenda. Asubuhi najifunga vifungo vyote mpaka cha shingoni. Nasimama kidogo mbele ya benchi, kisha najipiga kofi begani mwenyewe, na kwenda kazini.