Pijo la Mama Mumbua

Ndolo alitangaza habari ya kuuza Pijo huku akitafuna muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, kama mtu anayesema huenda mvua ikanyesha. Syokau, mkewe, alimwongezea mboga, akamsogezea chumvi, akangoja ameze.

"Nimestaafu, Mama Mumbua. Sasa ni biashara. Nataka pikapu. Ndengu za Kyuso haziwezi kupanda gari la kwenda kanisani."

"Ndengu zimepanda lori la kukodi miaka yote na hazijalalamika."

"Lori ni la mtu."

"Na Pijo ni la nani?"

"Ni langu. Si ndiyo maana naliuza?" Ndolo akacheka, akaomba maji. Kwake mazungumzo yalikuwa yamekwisha.

Mwaka huo ulikuwa 1986. Pijo lenyewe, Peugeot 404 ya rangi ya maziwa, Ndolo alilinunua likiwa jipya mwaka 1969, alipokuwa bwana shamba kijana huko Kyuso. Magari mengine ya umri ule pale kwao Kabati yalikuwa yamegeuka mabanda ya kuku, au yalitembea na milango ya rangi tatu. Jua la Kitui halina huruma na gari. Hula rangi mpaka ikawa kama chokaa, hupasua dashibodi, hukausha viti vikachanika kama midomo ya mtu mwenye homa. Pijo la Ndolo lilikuwa bado linang'aa. Watu walimsifu njiani, naye alizipokea sifa kwa kunyanyua kofia.

Lakini Ndolo aliliendesha tu. Aliyelitunza ni Syokau. Kila Jumamosi asubuhi, kabla jua halijakasirika, alichukua ndoo, vitambaa na chupa ya mafuta ya mbarika, akaingia ndani ya gari na kufunga milango. Alivipaka viti vya ngozi mafuta hayo kidogo kidogo, vile bibi yake alivyokuwa akilainisha ngozi za mbuzi zamani. Vumbi lililojificha kwenye mishono alilitoa kwa unyoya. Na muda huo wote aliimba. Yeye ndiye aliyeongoza kwaya ya akina mama kanisani, na karibu nyimbo zote mpya walizoimba alizitunga mle, vioo vikiwa vimepandishwa, sauti yake ikimrudia kutoka kwenye paa.

Nyumbani kila mtu alimwita. Mama, maji. Mama, shati langu. Mama, kuna mgeni. Ndani ya Pijo hakuna aliyemwita, kwa sababu kila mtu aliamini yuko kazini. Pikapu ya kubebea ndengu haina haja ya kupakwa mafuta. Pijo likiondoka, Jumamosi yake nayo ingeondoka, na hakujua angemweleza vipi mumewe jambo hilo asichekwe.

Basi akaamua kuharibu soko.

Mnunuzi alikuja Jumanne. Aliitwa Waithaka, mwenye duka la misumari na mabati kule Emali, mtu mnene, mtulivu, ambaye wazazi wake walitoka Nyeri. Alikuwa na sumaku ndogo aliyoifunga kwa kitambaa cha mkononi. Alilizunguka gari bila kusema kitu, akiigusisha sumaku hapa na pale. Ilinata kila mahali.

"Mzee, hii gari imetunzwa," alisema hatimaye.

"Ni mimi mwenyewe," Ndolo akajibu, akijigonga kifua. "Sikumwachia mtu. Na haijawahi kugongwa, hata na baiskeli."

Syokau alikuwa anafika na sinia la chai. Alilitua juu ya kigoda, akapangusa mikono kwenye leso.

"Baba Mumbua, mwonyeshe mgeni mlango wa nyuma, kule chini."

"Mlango upi?"

"Ule uliogonga nguzo ya kanisa siku ya harambee."

Waithaka akainama, akaweka sumaku yake chini ya mlango. Iliteleza, ikaanguka vumbini. Pale palikuwa na puti, ule unga wa mafundi wa kufukia mabonde ya bati.

"Ah, hiyo!" Ndolo akasema. "Hiyo si kugongwa. Nguzo ilikuwa imesimama tu."

Waithaka alicheka mpaka akashika kiuno. Syokau hakucheka. Aliona nafasi yake imefunguka, akaingia mzimamzima.

"Njoo huku mbele," akamwambia. "Unaona hizi alama kwenye boneti? Kama mtu amepiga kwa kidole cha chuma? Ni mbuzi wa Mulei, jirani yetu wa Kyuso. Gari lilikuwa chini ya mgunga, naye akapanda juu kutafuta majani."

"Mbuzi alipanda juu ya gari langu?" Ndolo akauliza.

"Alipanda, akashiba, akashuka. Na huu upande wa kushoto, simama hapa uangalie vizuri. Umepauka kuliko wa kulia. Pale ofisini Kyuso aliliegesha mahali pamoja miaka tisa, jua la alasiri likipiga upande huo huo. Nilimwambia aligeuze. Akaniuliza kama gari ni chapati."

Waithaka alitazama upande wa kushoto, akaenda kutazama wa kulia, akarudi. "Kweli," alisema. "Mimi sikuwa nimeona." Kisha akafungua mlango na kuingiza kichwa ndani. "Na viti, mama? Nani aliyewahi kuvibadilisha?"

"Hakuna. Ni vile vile vilivyotoka kiwandani. Lakini usifurahi mapema. Inua hicho cha nyuma."

Waithaka akainua. Pembeni, penye ukingo wa bati, palikuwa na unyoya mdogo wa rangi ya kahawia.

"Kuku alilalia hapo," Syokau akasema. "Baba Mumbua alikuwa amekwenda mafunzoni, dirisha likabaki wazi. Nilipomgundua alikuwa tayari juu ya mayai. Nikamwacha mpaka akaangua."

Ndolo alikuwa ameshika kikombe karibu na mdomo. Alikishusha. "Kuku? Ndani ya Pijo? Na mimi nikarudi nikaliendesha?"

"Ukaenda nalo mkutanoni na mkuu wa wilaya. Ukaniambia linanukia vizuri."

Sasa Waithaka hakumwuliza Ndolo tena kitu chochote. Alimfuata Syokau kama mtu anayefuata taa. Aliuliza kuhusu mazulia, naye Syokau akayanyanyua, akamwonyesha mahali maji yalipoingia mwaka wa mvua nyingi na kutu iliyokuwa imeanza, ambayo aliisugua kwa msasa na kuipaka rangi iliyobaki ya geti. Aliuliza kwa nini dashibodi haijapasuka. Akaambiwa ilifunikwa kwa shuka kuukuu kila mchana, na shuka hilo lilikuwa la harusi.

"Na hapa kiti cha nyuma, katikati," Waithaka akasema, "ngozi imekuwa nyeusi kidogo."

Syokau akapapasa pale kwa kiganja. Jambo hilo hakuwa amepanga kulisema.

"Hapo alizaliwa mtoto wangu wa tatu. Tulikuwa tunatoka Kyuso kwenda hospitali ya Mwingi, tukakuta mto umejaa. Ndiyo maana anaitwa Mwanzia, mzaliwa wa njiani. Nilikuwa nalia kwa uchungu, na huyu bwana amefungua buti anatafuta magunia ya kutandika kwanza."

"Nilidhani unahisi baridi!" Ndolo akapaza sauti.

"Machi? Mwingi?"

"Mama Mumbua, nilikuwa natetemeka. Sikujua mikono yangu ifanye nini. Magunia ndiyo kitu pekee nilichojua kushika."

Hilo Syokau alikuwa halijui. Miaka yote hiyo alikuwa amemtania kwa magunia yale mbele ya mashemeji, na Ndolo hakuwahi kujitetea.

Waithaka alifunga mlango polepole. Ulifungika kwa sauti nzito, ya kitu kilichokamilika.

"Mzee," alisema, "nimeangalia magari mengi mwaka huu. Kila mwenye gari ananiambia halina doa, na nikifika nyumbani naanza kuyahesabu madoa. Hili nimeambiwa kila doa kabla sijaliona. Ninalichukua. Hata bei sitashindana."

Kila neno Syokau alilolitupa ili kumfukuza mtu huyu lilikuwa limemvuta karibu zaidi. Alitazama chini, akaanza kukusanya vikombe ambavyo bado vilikuwa na chai.

Ndolo alilizunguka Pijo. Aligusa alama za kwato kwenye boneti, moja moja. Alisimama kushoto, akatazama ule mpauko kama mtu anayeonyeshwa picha yake mwenyewe. Alipofika mlango wa nyuma, alitoa ufunguo mfukoni, akaupima mkononi.

"Bwana Waithaka, nilikuambia ni mimi niliyelitunza."

"Ulisema."

"Umesikia mwenyewe. Mimi sikujua hata habari za kuku. Siwezi kuuza kitu nisichokijua." Akampa Syokau ufunguo. "Mwulize yeye."

Syokau aliushika ufunguo huku sinia limeegemea kiunoni. Waithaka alingoja, amekunja mikono.

"Siuzi," alisema. Kisha, kwa kuwa Ndolo alikuwa bado anamtazama, akaongeza: "Jumamosi huwa ninaimba mle ndani. Mahali pengine siwezi."

"Najua unaimba," Ndolo akasema. "Kwani mimi hunyolea wapi ndevu kila Jumamosi? Si hapo dirishani? Nilifikiri unaimba kwa sababu kazi inachosha." Akakuna shingo. "Pikapu itangoja. Wenye lori wanakula faida kidogo tu."

Waithaka alichukua kikombe chake kutoka kwenye sinia, akakaa kwenye kigoda, akamalizia chai bila kinyongo. Alisema kwamba Matiliku kuna Pijo jingine, la mwenye hoteli mmoja, na kwamba alikuwa aende kuliangalia Alhamisi. Alisema pia kwamba sumaku yake sasa ilimtia aibu.

"Mama, twende na wewe. Uniangalizie."

"Nani ataniendesha mpaka Matiliku?"

"Mimi," Ndolo akasema haraka. "Na nitaegesha upande utakaosema."

Alhamisi walifika Matiliku kabla ya saa sita. Mwenye hoteli, mzee Mutie, aliwapokea kwa mikono miwili na kuwapeleka nyuma, ambapo gari la buluu lilikuwa limeoshwa likameremeta. Alilipigapiga paa kama anayesifu fahali.

"Mkono mmoja tu," alisema. "Wangu. Jua halijawahi kuliona, na halina doa hata moja."

Waithaka alimtazama Syokau. Syokau hakufungua mlango, hakuinama, hakuinua zulia. Alishika mkoba wake vizuri, akaelekeza kidevu jikoni, ambako moshi ulikuwa unatoka na mwanamke alikuwa akiimba peke yake.

"Ni gari zuri, mzee," alisema kwa adabu. "Sasa tuitie mama."